Risasi Saba za Karatasi Katika Sanduku la Mzee

Njoro, Nakuru

Mpendwa ndugu yangu Mwalimu,

Pokea salamu kutoka huku kwetu kwenye baridi. Sisi tu wazima, mama watoto anakusalimu sana, na yule ng'ombe mwekundu uliyemsifu ulipotutembelea amezaa ndama jike. Ama baada ya salamu, barua yako niliisoma kwanza kwa haraka, kisha nikatafuta miwani nikaisoma tena nikiwa nje kwenye kiti. Ulipofika mahali pa kusema kwamba mmefungua sanduku la bati la marehemu Mzee, baba yako, mkakuta risasi saba za bunduki ya marisau, yaani ile inayotawanya chembe ndogo nyingi, zimetiwa ndani ya soksi moja ya sufu, harufu yake ilinijia puani kabla sijaimaliza sentensi.

Unataka kujua ni za nini, ni za lini, na kama bado zinaweza kulia. Naanza na hilo la mwisho nisije nikalisahau: usizijaribu, usizianike juani, wala usimruhusu mjukuu yeyote kuipasua hata moja kwa kisu ili aone kilichomo. Sanduku hilo, kama ulivyoniambia zamani, limepitiwa na mafuriko ya mto Nyando zaidi ya mara moja. Karatasi iliyolowa ikakauka, ikalowa tena, haina nguvu ya kuushikilia moto, na fataki, kile kiwashio cha baruti kilicho kwenye kitako chake, huweza kukaa kimya miaka mingi kisha ikaitika siku ambayo hukuiita. Mengine nitakueleza kwa kirefu, maana ni miaka mingi sijaulizwa na mtu habari za risasi hizi, na wenzangu tuliozijua wamebaki wachache.

Umesema tano kati yake zina karatasi nyekundu iliyopauka, kitako cha shaba chenye kutu ya kijani, na maandishi Eley-Kynoch na ICI. Hizo zilitengenezwa Birmingham, Uingereza, na haziwezi kuwa za kabla ya mwaka 1926, kwa sababu ndio mwaka kampuni ya ICI ilipoundwa. Mdomo wake, kwa maelezo yako, umefunikwa kwa kipande cha kadi cha mviringo, na ukingo wa karatasi umekunjwa kuzunguka kadi hiyo. Huo ndio ufungaji wa kizamani. Baadaye walianza kuukunja mdomo wote kuelekea ndani kwa mikunjo sita, kama mtu afungavyo mdomo wa mfuko wa karatasi, wakaachana na ile kadi. Kwa hiyo zako ni za mtindo wa kale, ingawa mitindo yote miwili tuliiona ikiuzwa pamoja kwa miaka kadhaa.

Ile namba 12 ya kwenye kitako, uliyodhani ni mwezi, au idadi ya chembe, ni kipimo cha mtutu. Chukua ratili moja ya risasi, yaani madini yenyewe (Kiswahili kimetuachia neno moja kwa madini na kwa kitu kinachotoka bundukini, nami sioni ubaya), uigawe mafungu 12 yaliyo sawa, kisha kila fungu ulifinyange liwe gololi. Gololi hiyo ndiyo inayoenea barabara katika mtutu wa 12, ambao upana wake ni kama milimita 18.5. Ndiyo sababu mtutu wa 16 ni mwembamba kuliko wa 12, jambo lililonitatiza mno nilipokuwa mtoto, nikiamini kwamba mwenye namba kubwa ndiye mkubwa. Nayo ile namba 6 juu ya kadi ni ukubwa wa chembe. Kwa hesabu ya Waingereza, wakia moja ya namba 6 ina chembe 270, na risasi ya kawaida ya kuwindia ndege ilibeba wakia moja na sehemu moja ya kumi na sita, karibu gramu 30, yaani chembe 287. Nakuandikia hesabu hizi kwa sababu wewe ni mwalimu wa hesabu, na kwa sababu hesabu ndiyo iliyotawala maisha ya risasi hizi tangu siku ya kwanza nilipoziona.

Mbili zilizosalia, zisizo na jina lolote ila hiyo 12, ndizo zilizonichekesha peke yangu kama mwendawazimu. Hukuzitambua? Hizo ndizo kikohozi! Nani aliyezipa jina hilo kati yetu sikumbuki, lakini ilikuwa ni kwa sababu ya mlio wake. Ile ya Eley ilipiga kishindo kimoja kikavu, kama mlango uliofungwa kwa hasira, nayo hii nyingine ilikohoa, ikatoa moshi, kisha baada ya muda ungesikia marisau yakipukutika kwenye majani ya mahindi kama mtu aliyetupa kiganja cha punje za wimbi. Bwana shamba, yaani mlowezi mwenye shamba tulilokuwa tukiishi, aliweka za Eley aina ya Grand Prix kwa ajili yake na wageni wake wa Jumapili, nazo za bei ya chini akampa baba yangu, aliyekuwa mlinzi, kwa ajili ya tumbili na nungunungu. Sidhani kama alikosea. Tumbili wa Njoro hakuhitaji kufa ili aelewe.

Lakini usidhani kwamba kwa kuwa zilikuwa rahisi zilitumiwa ovyo. Wewe na mimi tulikuwa watoto wakati wa Hali ya Hatari ya siku za Mau Mau, iliyotangazwa Oktoba 1952, na hakukuwa na mtu mzima katika kambi ya wafanyakazi asiyejua kwamba Mwafrika aliyekutwa na risasi hata moja bila ruhusa angeweza kunyongwa. Kila asubuhi baba alipewa risasi tano mbele ya karani, naye karani akaandika tano. Jioni baba alirudisha tano: kama alipiga mbili, basi tatu nzima na maganda mawili. Ganda tupu lilikuwa na uzito uleule wa risasi nzima mbele ya kitabu kile. Nilimwona baba, mtu mzima mwenye mvi, akitambaa kwa magoti ndani ya mahindi akitafuta kipande cha karatasi kilichoungua, wakati tumbili mwenyewe yuko juu ya mti anamtazama.

Hapa nafika kwenye jambo ambalo hatujawahi kulizungumza, Mwalimu. Unakumbuka usiku ule wa taa, wakati familia zetu mbili zilipotafuta ganda lililopotea kuanzia kwenye mtaro hadi kwenye birika la ng'ombe? Ganda hilo lilikuwa nami. Nililiokota mchana lilipodondoka bundukini, likiwa bado na joto, kwa sababu nilipenda harufu yake: karatasi yenye nta iliyoungua, na ndani yake kitu kikali kama kiberiti. Nililiweka ndani ya shati nikawa nalinusa. Baba alipoanza kuuliza, ulimi wangu ulikufa. Nilikuwa na miaka minane, na kila dakika niliyonyamaza iliifanya inayofuata kuwa ngumu zaidi. Mama yangu alikuwa ameanza kulia kimyakimya. Marehemu Mzee, aliyekuwa dereva wa shamba, alizima injini ya lori alilokuwa akimulikia kwa taa zake, akasema tuanze tena kutoka mwanzo, na kwa mstari. Ndipo wewe uliyesimama karibu nami uliponyoosha mkono, ukalichukua ndani ya shati langu bila kunitazama, ukaenda hatua kumi, ukainama, na kupiga kelele kwamba umeliona. Baba alikupa senti kumi. Sijui kama unakumbuka. Mimi nakumbuka hata upande uliokuwa umesimama.

Baada ya uhuru, shamba liliponunuliwa na chama chetu na bwana shamba akafunga safari, baba aliinunua ile bunduki ya zamani ya mtutu mmoja na kukata kibali kwa jina lake mwenyewe. Ghafla risasi zikawa hazihesabiwi na karani bali na mfuko wetu, na mfuko ulikuwa mkali kuliko karani. Hapo ndipo nilipozifahamu kikohozi kwa undani, maana hatukuwa na uwezo wa kununua nyingine. Kasha la 25 lilitakiwa kuvuka msimu mzima wa mahindi. Baba hakupiga kitu kilichokuwa mbali, wala kinachoruka, kama kulikuwa na njia ya kukisubiri kitue. Wageni wa bwana shamba wangemwona mtu asiye na ungwana, lakini wao hawakununua risasi kwa fedha za maziwa.

Adui mkubwa wa risasi ya karatasi alikuwa mvua. Mwezi wa nne, ukungu ukiteremka kutoka Mau na kulala juu ya mashamba siku tatu, karatasi ilinyonya unyevu na kuvimba, kiasi kwamba risasi iliyoingia kwa urahisi Januari ilikataa katakata kuingia Aprili. Mbaya zaidi ni ile iliyokubali kuingia kwa kusukumwa. Ukishaipiga, kitako cha shaba kilitoka peke yake na kuliacha bomba la karatasi limeganda ndani ya mtutu, nawe umesimama na bunduki iliyo wazi kama mdomo wa kifaranga, nungunungu wakiendelea na chakula chao cha jioni. Baba alikuwa na kipande cha mwanzi alichokichonga kwa kazi hiyo tu. Kisha mimi, nilipoanza ufundi, nilikata pete kutoka kwenye bomba la shaba, nikaisugua kwa msasa hadi ikalingana na mdomo wa chumba cha risasi. Kila jioni baba aliketi kwenye kigoda na kupitisha risasi moja moja ndani ya pete hiyo. Iliyopita aliiweka kulia. Iliyokwama aliipaka nta ya mshumaa na kuiviringisha taratibu juu ya meza kwa kiganja, kama anayesukuma chapati nyembamba, kisha akaijaribu tena, na ikikataa mara ya pili aliirudisha kwenye kopo kusubiri kiangazi. Nimetengeneza vitu vingi maishani, pamoja na gia za trekta, lakini hakuna alichokisifu kama ile pete.

Likizo moja ulipokuja kutoka chuoni tulizifanyia mtihani, na hili najua unalikumbuka kwa sababu wewe ndiwe uliyeshika mkaa. Tulibandika kurasa za gazeti kwa uji wa unga juu ya mlango mbovu wa ghala, tukachora duara la upana wa inchi 30, tukapima yadi 40, kwa kuwa ndicho kipimo kinachotumiwa na wenye kazi hiyo. Mtutu uliobanwa mdomoni, kama ule wa baba, unatarajiwa kuweka karibu asilimia 70 ya chembe ndani ya duara hilo, na ule usiobanwa kabisa kiasi cha asilimia 40. Kwa hiyo ulipiga hesabu yako ukasema tutarajie kama matundu 200. Tulikuwa na Grand Prix moja iliyosalia kutoka enzi za bwana shamba. Ukaweka nukta ya mkaa kwenye kila tundu na ukapata 196, ukafurahi kana kwamba umeipiga wewe. Kikohozi ya kwanza ilitoa 131. Ya pili ilitoa 88, na katikati palikuwa na uwazi ambao kanga mzima angepita bila kunyofoka unyoya. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba ile kadi ya mdomoni ilikuwa na lawama yake, maana ilipotoka pamoja na marisau wakati mwingine iliyazuia na kuyatawanya pembeni, lakini kwa kikohozi nadhani ubaya ulianzia kwenye baruti yenyewe na kwenye vizibo. Wewe ulitaka kuipiga ya tatu kwa ajili ya wastani. Baba akakuuliza kama wastani huo unaliwa.

Vizibo hivyo viliniletea aibu ambayo wajukuu wangu hawajaambiwa. Kati ya baruti na marisau palikuwa na kizibo kinene cha manyoya yaliyoshindiliwa, na kwa zile za bei ya chini kizibo kilitoka kikiwa kimeshika moto wa ndani kwa ndani, hakiwaki wala hakizimi. Februari moja, baada ya ngano kuvunwa, nilipiga njiwa kwenye mabua makavu, nikamwokota, nikaenda zangu nikipiga mluzi. Nilipogeuka kwenye mti wa tatu niliona moshi. Nilivua koti na kupiga moto hadi koti likawa mkono mmoja na kola. Jirani walikuja na matawi, na tukauzima ukiwa umekula kama robo ekari ya mabua na kona ya ua la mtu. Nilifidia ua huo. Ukiweka gharama ya koti, miti ya ua na risasi yenyewe, yule njiwa alikuwa ghali kuliko mbuzi.

Za plastiki zilipotufikia, mambo yalibadilika haraka. Remington wa Marekani walikuwa wameanza kuziuza mwaka 1960, lakini kwetu zilichukua muda kuwa kitu cha kawaida. Hazikuvimba, hazikukwama, na kizibo chake kilikuwa kikombe cha plastiki kilichobeba marisau hadi nje ya mtutu. Baba alizikubali kwa akili na kuzikataa kwa pua. Zilikuwa na hila zake pia: namba 6 ya Mmarekani ina chembe kubwa kidogo kuliko namba 6 ya Mwingereza, karibu sawa na 5 yake, kwa hiyo ndani ya wakia moja unapata 225 badala ya 270. Hila mbaya zaidi ilikuwa urefu. Urefu unaoandikwa kwenye kasha ni wa ganda likiwa limekwisha kufunguka, si wa risasi ikiwa nzima, na kwa hiyo risasi ya milimita 70 huingia bila ubishi kwenye chumba cha milimita 65, kisha ikifunguka inakosa nafasi na kuziba njia ya marisau yake yenyewe. Niliingiza moja ya namna hiyo katika bunduki ya baba. Shavu langu lilivimba siku nne, na kuanzia hapo baba hakuniruhusu kununua risasi bila rula.

Yaliyofuata hayana mengi. Mei 1977 Serikali ilipiga marufuku uwindaji, na ingawa baba hakuwa mwindaji bali mkulima mwenye tumbili, alizidi kuiacha bunduki ukutani, na macho yake yalipoanza kufifia tuliirudisha kituoni yeye mwenyewe akiwapo na hati zake mkononi. Pete nimebaki nayo. Natumia kupimia mambo mengine.

Sasa swali ambalo hukuniuliza, lakini nililiona kati ya mistari: Mzee, ambaye hakuwahi kumiliki bunduki hata siku moja, alizipata wapi risasi saba, na kwa nini alizihifadhi hadi kufa kwake? Mimi nina dhana, nawe uipokee kama dhana. Mzee ndiye aliyewapeleka wageni wa Jumapili kwenye mashamba ya Rongai kuwinda kanga na kwale. Wageni hawakuhesabu. Walizitoa mifukoni, wakaziacha juu ya viti, zikaviringika chini ya mazulia na kuingia kwenye mifuko ya milango, za Eley pamoja na kikohozi walizochukua ghalani zao zilipowaishia. Siku moja anasafisha lori na kuzikuta. Azirudishe? Karani angeuliza zilikuwa wapi tangu Jumapili, na katika miaka ile swali hilo halikuwa na jibu zuri kutoka kwa mtu mweusi. Azitupe mtoni? Zingeokotwa, na njia ingefuatwa hadi kwake. Nadhani alizitia ndani ya soksi kwa usiku mmoja ili afikirie vizuri, na usiku ule ukaendelea. Ninapolikumbuka lile lori likimulika mahindi, na yeye akituamuru tuanze upya kwa mstari, najiuliza kama soksi hiyo haikuwa tayari chini ya kitanda chake.

Kuhusu la kufanya, nakusihi usizibebe wewe mwenyewe hadi mjini, wala usizipakie kwenye matatu ndani ya mfuko wa mchele. Kuwa na risasi bila kibali bado ni kosa la sheria, na afisa atakayekukuta nazo njiani hatakuwa na muda wa kusikiliza habari za Mzee na wageni wa Jumapili. Nenda kituoni mikono mitupu, ikiwezekana pamoja na chifu au mzee wa mtaa, umwone mkuu wa kituo, umweleze mlivyozikuta, na umwombe atume askari waje kuzichukua hapo nyumbani. Hadi watakapofika, ziache ndani ya soksi yake, mbali na jiko, na mlango wa chumba hicho ufungwe kwa kufuli. Soksi unaweza kuwaomba wakuachie. Kisha usikubali waondoke kabla hawajakuandikia karatasi yenye mhuri, na uisome mwenyewe kwa miwani yako, kuhakikisha kwamba wameandika saba.

Nisalimie shemeji na watoto wote.

Ni mimi nduguyo,
Fundi wa Njoro